Juzi ya Silanga

Kabati lenyewe halikuwa hata zito. Muema, mwenye karakana ya fanicha pale Kabiro, Kawangware, alilirudia jambo hilo mwezi mzima kwa kila aliyepita, kana kwamba lingekuwa zito ajali ingekuwa na adabu kidogo. Lilikuwa kabati la mlango mmoja, mbao laini. Wekulo alikuwa chini akilipokea kutoka juu ya pikapu, kamba ikakatika, kona ikamshukia nyuma ya sikio la kushoto. Hakupiga hata kelele. Alikaa chini kwenye takataka za randa kama mtu aliyechoka, damu ikamtoka sikioni, na hapo hapo, Muema akimtazama kwa macho yake mawili, upande wa kushoto wa uso wake ukaporomoka.

"Ulienda hivyo tu, Mama Mercyline," Muema alimwambia Nasike, mke wa Wekulo, jioni ile, akionyesha kwa kiganja jinsi uso ulivyoshuka. "Kabla hata damu ifike kwa shingo. Haki ya Mungu."

Ilikuwa tarehe tatu Mei, mwaka wa tisini na tano. Nasike alimkuta mumewe kwenye kitanda cha zahanati huko huko Kawangware, bandeji kichwani, mdomo umevutwa kulia, jicho la kushoto limekodolea dari ilhali mwenyewe amelala. Tusidanganyane: Nasike alikuwa ameolewa na mwanamume mzuri, alilijua hilo, na alijivunia. Wanawake aliouza nao makaa kule Silanga, kando ya Nairobi Dam, walimtania kwamba siku moja atamfungia mume wake ndani kwa kufuli. Jioni ile aliushika uso ule kwa mikono yake yenye weusi wa makaa, akalisukuma shavu juu mahali pake. Alipoliachilia, likashuka tena.

Zahanati ilimshona, ikasema mfupa wa nyuma ya sikio umepasuka, ikaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Lakini barua haibebi mtu. Wekulo alikuwa akisimama anatapika, akikaa anazungukwa na chumba. Walipofanikiwa kumfikisha kwenye kliniki ya masikio, ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na mbili.

Daktari aliyewapokea alikuwa kijana wa Mombasa, mpole kupita kiasi, na Kiswahili chake kilinyooka hata Nasike akajikuta anakisahihisha chake kichwani kabla ya kukitoa. Nyuma yake walisimama wanafunzi watano wenye makoti meupe. Wekulo alikuwa bado mzito wa maneno, herufi zinazotaka midomo ikutane zilimtoroka, kwa hiyo kila swali lilijibiwa na mkewe.

"Funga macho, kaka," daktari akasema. Jicho la kulia likafunga, la kushoto likageuka ndani likabaki jeupe. "Nionyeshe meno." Yakaonekana nusu. "Vizuri. Sasa piga mbinja."

Wekulo akamtazama mkewe. Nasike akamtazama daktari.

"Apige nini?"

"Mbinja." Daktari akakunja midomo, akapuliza.

"Aa! Firimbi ya mdomo!" Nasike akacheka, wanafunzi wakacheka, na Wekulo naye akacheka kwa nusu aliyobaki nayo. "Kwetu hiyo mbinja hatuijui, daktari."

"Basi leo mmeijua."

Wekulo alijaribu. Ilitoka hewa tupu kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, pamoja na mate, na Nasike akampangusa kwa leso. Daktari akaisoma barua ya zahanati, akaona tarehe ya ajali, akainua kichwa.

"Na huu uso ulianza kupinda lini, dada?"

"Juzi tu, daktari."

Daktari akageukia kalenda ya ukutani. Ncha ya kalamu yake ikaanzia kumi na mbili, ikarudi nyuma vyumba viwili, ikatua. Akaandika. Kisha akawaeleza wanafunzi kwa Kiingereza cha haraka, nao wakaitikia kwa vichwa kwa pamoja. Nasike, aliyeachia shule darasa la sita, alishika neno moja moja na hakuona aibu yoyote, maana uso wa daktari ulikuwa umekunjuka.

"Alhamdulillahi, mna bahati," akamgeukia. "Mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita ndani ya mfupa huu uliopasuka. Wake haukukatika. Umefura tu. Utarudi wenyewe, mpeni muda."

Akawaandikia vidonge, dawa ya jicho, na plasta ya kulifunga jicho wakati wa kulala. Nasike alitoka mle ndani akitaka kumkumbatia mtu yeyote. Wiki ile nzima aliwaambia wote Silanga, hata wale ambao hawakuuliza, kwamba mshipa haukukatika. Kanisani alisimama akatoa ushuhuda, akapigiwa makofi matatu.

Sasa, Wekulo alikuwa fundi wa makochi. Ukitaka kujua uso ni kitu gani, mtazame fundi wa makochi akiwa kazini. Anatia mdomoni misumari midogo ishirini kwa mpigo, anaipanga kwa ulimi, anaisukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo kichwa kikitangulia, mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo. Mkono wa tatu ni mdomo. Wekulo alikuwa akifanya hivyo huku anasengenya, na hajawahi kumeza hata mmoja. Alirudi kazini mwezi wa saba, akatia misumari mdomoni, ikamwagika yote kwenye shati pamoja na mate. Akaiokota, akaifuta, akaitia tena. Muema alijifanya anatafuta msumeno.

Akapewa kazi ya kupiga msasa fremu. Huko nako jicho lisilofunga lilikuwa likipokea vumbi la mbao mchana kutwa, likawa jekundu, kisha likaanza ukungu. Na wateja? Mama mmoja wa mtaa wa Ayany alikuja kuangalia kochi lake, akamkuta Wekulo anamtazama, mdomo umepinda hivyo. Akamwita Muema pembeni.

"Huyu fundi wako ananidharau, ama?"

"Ni mgonjwa, mama."

"Hapana. Najua mtu akinidharau."

Tangu siku ile Wekulo alifanyia kazi nyuma, kwenye rundo la mbao, ambako hakuna mteja anayefika.

Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Chai ilivuja. Chakula kilikaa shavuni, akakitoa kwa kidole akigeukia ukuta. Mercyline, binti yao wa miaka mitatu, akaanza kucheka kwa upande mmoja. Hakuwa akimdhihaki mtu, alikuwa tu anajifunza kucheka kwa baba yake kama watoto wote wanavyojifunza. Nasike alimzaba kofi, kisha akamchukua akakaa naye kwenye magunia ya makaa akilia kuliko mtoto. Kila asubuhi, kabla ya kuweka chai, alimwambia Wekulo ainue nyusi. Ilipanda moja. "Bado," alisema Nasike. "Daktari alisema tuipatie muda." Na kweli aliamini. Hilo ndilo linalouma zaidi, kwamba aliamini.

Walirudi kliniki Agosti, wakaambiwa waendelee kusubiri. Walirudi Desemba, yule wa Mombasa amehamishwa, kadi ikasukumwa mbele hadi Februari. Februari wakampata Daktari Wangoi, mwanamke mfupi, mnyamavu, ambaye hakusema alhamdulillahi wala chochote. Alimwekea Wekulo waya za umeme shavuni akabonyeza. Shavu halikushtuka.

"Miezi tisa," akasema. "Mshipa uliofura hauwezi kunyamaza miezi tisa hivi. Nataka kuuona kwa macho yangu."

Tarehe ya upasuaji ilikuwa Aprili. Maji yakakosekana hospitalini. Ikawa Mei, mashine ya usingizi ikaharibika. Ikawa Juni, na Juni ikafika. Walimnyoa nywele nyuma ya sikio, wakamwingiza saa mbili asubuhi, na Nasike akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri na uji wake kwenye chupa, hajaufungua. Alikuwa akiomba, lakini maombi yenyewe yalikuwa neno moja tu: urudi, urudi, urudi.

Daktari Wangoi alimwita ofisini akiwa bado na kofia ya kitambaa kichwani.

"Mumeo yuko salama. Keti, mama." Akakaa na yeye. "Nimeufungua ule mfupa, nikaufuata mshipa pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho. Umekatika. Kuna kipande cha mfupa kiliingia katikati yake kama kisu."

"Lakini walisema haukukatika."

"Umekatika. Nimetoa mshipa mwingine kwa mguu, ule ambao hautamsumbua sana, nikaunganisha na huo. Lakini sitaki kukudanganya. Misuli ya uso ikikaa mwaka bila kuamrishwa inakonda, inakwisha. Huenda mshipa ukapona ukute hakuna mtu nyumbani."

Daktari akafungua faili, akarudi nyuma karatasi nyingi.

"Kuna kitu kinanisumbua. Hapa aliumia tarehe tatu. Uso unaandikwa ulianza kupinda tarehe kumi. Haiwezekani. Mshipa uliokatwa hivi, uso unaanguka papo hapo. Nani alisema tarehe kumi?"

"Hakuna mtu alisema tarehe kumi, daktari. Ulianguka siku hiyo hiyo. Muema aliona."

"Sasa hii ilitoka wapi? Kwa sababu hii ndio ilifanya asipasuliwe. Uso ukianguka siku ya ajali, tunafungua mapema, wiki za kwanza, na wengi wanapata kitu. Ukianguka baada ya wiki, tunasubiri, huwa ni uvimbe. Huyo daktari alifuata kile aliambiwa."

Nasike akafungua mdomo kusema hawakumwambia. Hapo akaiona ile kalamu kwenye kalenda, ikianzia kumi na mbili, ikirudi nyuma vyumba viwili.

Juzi.

Hebu tumwonee huruma hapo alipo. Kule Silanga juzi ni gunia, unatia siku yoyote. Mwenye nyumba alifariki juzi, na kaburi limeshaota nyasi. Mvua ilinyesha juzi, Pasaka ilikuwa juzi, fulani alijifungua juzi na mtoto huyo anatambaa. Nasike hajawahi katika maisha yake kuihesabu juzi kwa vidole. Kwa kijana wa Mombasa juzi ilikuwa siku moja, ile iliyokuja kabla ya jana, haina ndugu. Mbinja walikuwa hawaijui, wakaiuliza, wakacheka, ikaisha. Juzi waliijua wote wawili, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

"Mama? Unajua ilitoka wapi?"

"Sijui, daktari," Nasike akasema.

Wekulo alipoamka, alimwambia nusu. Alimwambia mshipa ulikuwa umekatika siku ile ile ya kabati, kwamba umeunganishwa, kwamba kuna matumaini kidogo. Nusu ya pili aliimeza. Alijiambia atamwambia uso ukirudi. Ukirudi watacheka pamoja, kama walivyocheka mbinja.

Haukurudi. Septemba walikaa mbele ya kioo, Desemba wakakaa. Ukungu wa jicho ulipozidi, Daktari Wangoi alilishona kope pembeni, likabaki jicho lenye mlango nusu. Machi ya tisini na saba akaweka tena zile waya, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza. Kisha akazitoa moja moja akazikunja vizuri kuliko ilivyohitajika.

"Naona tuache kujiumiza," akasema.

Mtu akishanyimwa kitu hivyo hutafuta wa kumlaumu, na Wekulo hakutafuta mbali. Aliyesema mshipa haukukatika alikuwa na sura, alikuwa na sauti, alikuwa na Kiswahili chake kile cha kujidai. Wekulo, aliyekuwa mtu wa mzaha, akawa na habari moja tu, naye aliisimulia karakanani, njiani, mezani. "Aliniangalia nikiwa mzima, akanimaliza na kalamu." Siku za maombi ya Jumatano, ndugu wa kanisa wakiwa wamejibana chumbani mwao, alisimama akaomba kwa sauti Mungu amlipe daktari yule kwa uso wa mtoto wake mwenyewe. Chumba kizima kikasema amina. Nasike naye alisema amina, maana macho ya watu yalikuwa kwake. Alisema Jumatano ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Usingizi ulimhama. Alikonda hata wauza makaa wenzake wakamuuliza kama ana mimba.

Siku moja ya Mei Muema akaja na habari, mwema maskini, akidhani anasaidia.

"Yule daktari wa Mombasa amerudi. Shemeji yangu anafagia huko. Anakaa kliniki ya Ijumaa, chumba kile kile."

Ijumaa asubuhi Wekulo alivaa koti. Mercyline alikuwa amekwenda kwa jirani. Nasike alikuwa akiosha vikombe, akamwona mumewe anachukua nyundo yake ndogo, ile ya misumari ya makochi ambayo hakuwa ameishika karibu miaka miwili, anaitia kwenye mfuko wa ndani.

"Unaenda na hiyo wapi?"

"Nataka tu anione."

"Kumwona hakutaki nyundo, Wekulo."

"Nitaona nikifika."

Nasike akaweka kikombe chini. Akaenda akasimama mlangoni, mikono inadondoka maji.

"Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Hakukosea. Aliuliza uso ulipinda lini. Wewe ulikuwa huwezi kuongea, nikajibu mimi. Nikasema juzi."

Wekulo akamtazama bila kuelewa.

"Si ilikuwa juzi?" akasema.

Nasike akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, akishika fremu ya mlango, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angemjibu hivyo. Kisha akamweleza yote: kalamu, kalenda, tarehe kumi, wiki za kwanza ambazo wangefungua mfupa wakauunganisha mshipa ukiwa bado mbichi. Alieleza pole pole kama mtu anayesoma barua. Wekulo alisikiliza amesimama. Kati ya maneno hayo, mahali fulani, alielewa, kwani mkono ulitoka kwenye koti wenyewe na kuiweka nyundo mezani.

"Neno tu," akasema.

"Neno tu."

"Haukujua."

"Sikujua, baba Mercyline. Naapa. Hata yeye hakujua."

Akaitikia kwa kichwa. Alivuta kigoda, akakaa. Nasike akaanza kupumua. Alifikiri, labda imeisha hivi, labda haikuwa kubwa nilivyodhani. Akashika leso ili ajipanguse.

"Umejua lini hii maneno?"

"Siku ya operesheni. Daktari Wangoi alinionyesha faili."

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita."

Wekulo akahesabu kwa vidole, taratibu, kama yule daktari kwenye kalenda yake. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaingia mkono wa pili, nao ukaisha, akarudi kidole cha kwanza.

"Miezi kumi na moja," akasema. "Na tangu Machi nimesimama hapa nikimwombea mtoto wa mtu apooze. Kila Jumatano. Na wewe umekaa pale kwa kitanda."

"Niliogopa."

"Ukisema amina."

Wekulo alikuwa amekaa upande wake wa kushoto ukiwa umemwelekea Nasike, shavu limening'inia, kope limeshonwa, jicho la maji halisemi kitu. Nasike hakuweza kujua kama analia au amekasirika au anataka kumpiga. Akaizunguka meza ili auone ule upande mwingine, upande wa kulia uliokuwa bado unaongea. Wekulo akageuka na kigoda chake. Nasike akarudi kwa njia aliyojia, naye akageuka tena, bila haraka, miguu ya kigoda ikikwaruza sakafu.

"Niangalie basi," Nasike akamwambia. "Nitukane, lakini niangalie."

"Wewe upande wako ni huu," Wekulo akasema, na hakugeuka.